Tahiyatu Juu ya Maji

Baba mdogo alikuwa fundi wa mota za boti pale Rumonge, na mota aliyoitengeneza haikurudi kwa mwenyewe mpaka ivute mzigo majini. Mota ikinguruma ndani ya pipa la maji, alikuwa akituambia, bado haijasema kitu. Kabla ya vita mzigo wake ulikuwa mtumbwi uliojazwa mchanga. Vita vilipotufikia, wenye mitumbwi wengi wakakimbia nayo kwenda Kigoma, na baba mdogo akabaki na mota za kujaribu bila kitu cha kuvuta. Ndipo akaanza kutuvuta sisi.

Sisi, maana yake kaka yangu nyuma ya boti na mimi ndani yake. Kaka alikuwa kijana aliyeanza kunyoa ndevu, msaidizi wa baba mdogo, mikono ikinuka grisi hata siku ya Iddi. Mimi nilikuwa binti wa shule ambayo ilikuwa imefungwa, na kazi yangu ilikuwa kumsaidia mama kuuza mawese na kubishana na kila mtu. Baba yetu alikuwa amekufa zamani kwa homa, kitandani kwake, kabla ya mambo haya yote, na watu wakawa wanasema alikuwa na bahati. Tulikaa mtaa wa Waswahili karibu na ufuko, upande huu tukisikia mawimbi, upande ule tukisikia bunduki za milimani. Barabara ya Bujumbura ilipitwa na mtu aliyekwisha kusoma dua zake zote, kwa hiyo mafuta, chumvi na habari vilipita ziwani.

Ziwani nako kulikuwa na amri. Wanajeshi walikuwa na kambi ndogo ufukoni, na boti haikuruhusiwa kwenda mbali kuliko macho yao. Baba mdogo alimwendea mkubwa wao, akamweleza kwa adabu kwamba mota za jeshi nazo zikiharibika zitaletwa kwake, na mota isiyojaribiwa humwacha mtu katikati ya maji. Akapewa ruhusa ya kwenda na kurudi mbele ya kambi, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Kwa hiyo haya yote ninayosimulia yalifanyika mbele ya watu wenye bunduki, ambao saa nyingine hawakuwa na kazi ila kututazama.

Ubao aliovutwa nao kaka ulikuja pamoja na boti ya mzungu. Huyo alikuwa na nyumba upande wa Kigwena, karibu na msitu, na mambo yalipoharibika aliondoka na mabegi mawili, akamwachia baba mdogo boti yake ndogo ya faiba aitunze mpaka hali itulie. Siku zile kila mtu alimwachia mtu kitu mpaka hali itulie. Chini ya kiti cha boti tulikuta jaketi la kuelea, la rangi ya chungwa, kamba ndefu yenye mshikio wa mti, na huo ubao. Ulikuwa mfupi kuliko mlango, mpana kiasi cha mtu kukaa, ncha zake zote mbili zimekunjwa kuelekea upande mmoja. Upande mmoja ulikuwa na matundu ya skrubu, bila chochote ndani yake. Upande wa pili ulikuwa na vipande vinne vya plastiki ngumu, vimesimama wima, viwili kila ncha.

Kaka alivipa jina palepale: mapezi. Alikuwa amewahi kumwona yule mzungu kwa mbali, akisimama juu ya maji nyuma ya boti, akaja nyumbani akatueleza na sisi tukamwambia anatia chumvi. Sasa alikuwa na ubao wenyewe mkononi, na hakuna mtu angemzuia. Alijua kwamba unasimama juu yake na unavutwa. Alichokuwa hajui ni upande upi unakaa juu.

Na hapo ndipo ujuzi wetu wote wa ziwa ulipotuponza. Mtu aliyezaliwa Rumonge akiliona pezi haulizi linakaa wapi. Sangala ana pezi mgongoni, mukeke ana pezi mgongoni, na ukimwona samaki kaelea pezi liko chini, huyo si wa kununua. Kaka akauweka ubao majini mapezi yakiwa juu. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu ufukoni walitazama, wakatikisa kichwa kukubali. Hata mchangani ulikuwa umekaa vizuri mno namna hiyo, na hilo likazidi kutuhakikishia.

Majini ulikuwa balaa. Ncha zilikuwa zinatazama chini, kwa hiyo mota, tuliyoifunga kwenye boti ya mzungu, ilipovuta tu, ubao ulipiga mbizi na kaka akaufuata. Alianguka asubuhi nzima. Alijaribu kulala kifudifudi, pezi likamchoma mbavu. Alijaribu kukaa, pezi likamchoma penginepo, na wanajeshi wakavunjika mbavu kwa kicheko. Baba mdogo hakujali. Mota ilikuwa inavuta mzigo, na mzigo unaopiga mbizi ni mzito kuliko mchanga, hivyo yeye aliona kazi inakwenda.

Iliendelea hivyo kwa majuma. Halafu siku moja nilikuwa naosha vyombo ufukoni, ubao umefungwa kamba karibu nami, likaja wimbi likaupindua. Ukatulia. Ncha zikawa zimeinuka, mapezi yamezama, na kila wimbi lilipopita ubao ulipanda na kushuka bila kuingiwa na maji. Nikaweka sufuria juu yake. Nikaweka ya pili. Nikajua nimeona kitu ambacho wanaume wote wa ufuko ule hawakukiona.

Nilipomwambia kaka, alinitolea macho. Akanijibu kwa sauti ya mtu anayemwelewesha mtoto. "We, samaki iko tumbo juu, hiyo ni samaki ya kufa." Nikamwambia huo si samaki, ni ubao. Akasema kama si samaki kwa nini una mapezi. Tulibishana mpaka mama akatufukuza wote jikoni, na kesho yake, akidhani mimi nimekwenda sokoni, aliugeuza.

Sikuwa nimekwenda sokoni. Nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa la karakana ili nimcheke. Alikaa kwenye maji ya kina kifupi, akaweka nyayo juu ya ubao, akashika mshikio wa kamba. Baba mdogo akafungua mota. Kamba ikakaza, maji yakamfunika uso, kisha kaka yangu akainuka kutoka ndani ya ziwa, mzima, magoti yamekunjwa kidogo, maji yakimtoka nguoni, akaenda. Alikwenda tu. Nilisahau kwamba nilikuja kucheka. Nilisimama wazi mbele ya pipa, mkono mdomoni, machozi yananitoka, na sikujua nalia nini. Mvuvi mmoja aliacha sindano ya wavu hewani. Kule kambini hakuna aliyecheka.

Nimeona mambo mengi tangu siku ile, mengine makubwa kwelikweli, lakini sijaona tena kitu kilichoniambia hivyo, palepale, kwamba dunia ina nafasi ambayo sisi hatukuijua. Miezi mingi tulikuwa tumeishi kwa kuinama. Tulipita njiani tumeinama, tulilala chini ya madirisha, tulizungumza chini kwa chini. Na huyu hapa amesimama wima mahali ambapo hapasimamiki.

Baada ya hapo ilikuwa kila siku yenye mota ya kujaribu. Mimi nilipewa kazi ya kukaa kwenye boti nikitazama nyuma, kwa sababu dereva hawezi kutazama pande zote mbili. Nikinyoosha mkono juu, baba mdogo alijua kaka ameanguka, akageuza. Kwa hiyo nilimwona kaka kuliko mtu yeyote, kwa urefu wa kamba, siku baada ya siku. Na nilikuwepo alipong'oa mapezi.

Alisema yanamshika. Mapezi, alinieleza, yanafuata njia. Ukiyapa mwelekeo hayataki kuuacha. Alitaka kujua ubao wenyewe unataka nini. Akachukua bisibisi, akayatoa yote manne, akayaweka ndani ya kopo la skrubu. Siku ya kwanza bila mapezi alikuwa mtoto tena, ubao ukimtoka miguuni kwa kuteleza kando. Ila alipouzoea, nilishikwa na butwaa. Ukiwa na mapezi, ubao ulikuwa na sauti, mluzi mwembamba uliomfuata moja kwa moja. Bila mapezi ulikuwa kimya. Uliteleza ubavu, ukageuka, nyuma ikawa mbele, na kaka akawa anavutwa huku ametupa mgongo, akitazama ufuko na milima badala ya kunitazama mimi. Asubuhi moja moshi ulikuwa unapanda kule juu ya Gatete, na milio ilikuwa inasikika, ta, ta, kisha kimya. Yeye alizunguka polepole juu ya maji, mzunguko mzima, uso wake ukapita kwenye moshi, ukapita kwenye kambi, ukapita kwangu, ukapita kwenye milima ya Kongo, ukarudi kwenye moshi. Sijui alikuwa anafikiri nini. Mimi nilikuwa namshukuru Mungu kwa sauti, na mota ikanifichia aibu.

Mama hakuja kutazama. Mama alikuwa amekaa kando ya ziwa lile tangu azaliwe, amekula samaki wake, amefua nguo kwa maji yake, na hajawahi kuingia zaidi ya vifundo vya miguu. Hakuna aliyemfia ziwani. Hakuwa na kisa. Aliliogopa tu, moja kwa moja, na hakuona haja ya kujieleza. Tukimsimulia habari za ubao, alisema vizuri, akauliza kama tumesali.

Halafu vijana wa rika la kaka wakaanza kupungua mtaani. Wengine walichukuliwa usiku na watu wa milimani kubeba mizigo, wengine walichukuliwa mchana kuulizwa kwa nini hawajachukuliwa usiku. Mlango wa tatu kutoka kwetu wakakuta kandambili za kijana wao tu, nje, zimepangwa vizuri. Baba mdogo alikuja akakaa na mama uani, akamweleza. Kulikuwa na mfanyabiashara aliyekuwa anapeleka mapipa ya mawese Kigoma kwa boti kubwa, ana kibali, na anahitaji mtu wa kuangalia mota njiani. Kaka angekwenda naye, angebaki Ujiji kwa mjomba wetu mpaka hali itulie. Boti ilikuwa inaondoka Jumamosi.

Kila mtu alikubali isipokuwa mama. Na mama asipokubali hakuna safari, kwa sababu kwetu mtoto haondoki bila radhi. Nieleze vizuri, maana siku hizi watu wanalitumia neno hili kuombea samahani ya kukanyagana miguu. Radhi ya mama ni kitu. Mtoto anapiga magoti, mama anamwekea mkono kichwani, anatamka, na ndipo mtoto anakuwa na njia. Akienda bila hiyo, likimpata la kumpata, hakuna atakayeuliza limetoka wapi. Kaka alikuwa na kiburi cha kila aina, lakini hicho hakuwa nacho.

Akamwomba Jumatano, mama akaendelea kupima mafuta. Akamwomba Alhamisi, mama akasema wazi kwamba kama angekwenda kwa nchi kavu angemwachia hata kesho, hata kwa miguu, hata kwenye ile barabara. Nilikasirika. Nilimwambia mama kwamba kwenye ile barabara angeuawa kabla ya kufika Minago, na kwamba anamfungia mtoto wake kwa sababu ya woga wa maji yanayomfika kwenye kifundo. Nilisema kwa ukali, na sikuwa nimewahi kusema naye hivyo. Hakunipiga. Alimgeukia kaka, akasema lile neno ambalo nimelibeba mpaka leo.

"Siwezi kutoa radhi ya kitu sijui. Unipeleke kwanza."

Kaka akadhani anataka kupanda boti. Mama akasema hapana, boti anaijua, boti ni kiti. Anataka kule nyuma, mwisho wa kamba, anakokwenda yeye. Baba mdogo akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

Ijumaa asubuhi mama alivaa suruali ya kaka chini ya kitenge, akakaza kilemba, akalivaa jaketi la rangi ya chungwa, na tukapita naye ufukoni mbele ya watu wote. Nilitamani ardhi inimeze. Wanawake waliokuwa wanaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, walisimama na beseni zao. Mwanajeshi wa zamu alimwita kaka, akamuuliza, "Uyu mama anaenda wapi?" Kaka akajibu kwamba ni mama yake na anakwenda kujaribu mota. Mwanajeshi alimtazama mama kutoka kilemba mpaka miguu, akamsalimu kwa Kirundi, "Amahoro, mama," akampisha.

Kaka alikuwa ameyarudisha mapezi yote manne. Nilimwona akiyakaza moja moja na kuyajaribu kwa kidole gumba, kisha akayakaza tena. Kwa mama hakutaka ubao wenye kutaka chake. Tatizo lilikuwa mkao. Kusimama asingeweza, na kulala kifudifudi mama alikataa, akasema hatavutwa na kamba kama gunia mbele ya wanaume. Kaka akafikiri. Akapiga magoti mchangani, akakalia visigino vyake, mgongo wima.

"Mama, ukae vile unakaaka mu tahiyatu," akamwambia. "Basi. Hivyo tu."

Nikaona uso wa mama unalegea. Mkao ule aliujua. Alikuwa ameukaa mara tano kila siku tangu utotoni, mwisho wa kila sala, magoti yake yameuzoea na vifundo vyake vimeuzoea. Katika ziwa lote lile, hicho ndicho kitu kimoja ambacho hakuwa mgeni nacho. Akauweka ubao mwenyewe kwenye maji ya magotini, akapanda, akakaa, akasema bismillahi, akashika mshikio.

Safari hii kaka ndiye aliyekaa kwenye mota, na mimi nikakaa mahali pangu, nikitazama nyuma. Baba mdogo alibaki ufukoni. Kaka aliifungua taratibu mno, kamba ikainuka kutoka majini ikidondoka matone, ikakaza. Ubao ukasogea. Mama alifumba macho. Kaka akaongeza, ncha ya mbele ikainuka kidogo, maji yakaanza kupita pande zote mbili, na mluzi wa mapezi ukaanza.

Nilimtazama mama yangu akija juu ya Tanganyika amekaa tahiyatu. Mgongo wima, viwiko vimebana mbavu, kilemba cheupe, midomo inasogea. Nyuma yake ufuko ulikuwa unakuwa mdogo, watu wamesimama bila kusogea, na juu yao michikichi, na juu ya michikichi ile milima iliyokuwa inatunyima usingizi. Alifumbua macho. Nadhani alitaka kuona mimi niko wapi, lakini hakuniona, alikuwa anatazama maji. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama chini. Uso wake sikuujua. Huyu hakuwa mama wa mawese wala mama wa "mmesali?" Alikuwa mtu aliyeamka mahali pakubwa. Nikahisi kama naona kitu kisichonihusu, nikataka kugeuza uso, na kazi yangu ilikuwa kutogeuza.

Tulipokata kona ya kwanza mbele ya kambi, aliachia mkono wa kulia, akauinua kidogo, kidole cha shahada kimenyooka, kama mtu anavyofanya akifika mahali pake katika sala. Mpaka leo tunabishana. Yeye anasema alikuwa anafuta maji jichoni. Mimi nilikuwa nimekaa namtazama, na najua nilichokiona.

Mkono mmoja haukutosha kwenye kona. Ubao ulipanda mgongo wa wimbi letu wenyewe, ukashuka, na mama akaenda upande wake na ubao ukaenda upande wake. Nikanyoosha mkono juu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na maji yaliyofunga, na kamba tupu inarukaruka. Kaka akapunguza mota, akaanza kugeuza, na boti haigeuki papo hapo. Inachukua duara lake. Katika duara lile nilimkosa machoni, nikapiga kelele za mama, mama, na sauti yangu ikarudi kutoka kwenye maji. Kisha nikaiona ile rangi ya chungwa.

Alikuwa ameelea, kichwa wazi, nywele zake zenye mvi nje mbele ya dunia nzima. Hakuwa anapigapiga maji. Hakuwa anaita. Alikuwa amekunja mikono juu ya jaketi, anatutazama tunavyokuja, na ametulia tuli. Kaka alizima mota mbali kidogo ili asimtishe, boti ikamfikia kwa mwendo wake wenyewe. Tulipomshika makwapa, neno la kwanza alilosema lilikuwa kilemba chake kiko wapi. Kaka akaruka majini akakifuata.

Nyumbani alisali adhuhuri, akapika, akauza mafuta jioni, na kila aliyekuja kumuuliza habari za ziwa alijibiwa bei ya kopo. Kaka alimzunguka kama kuku, mara anachota maji yasiyohitajika, mara anapanga kuni zilizopangwa. Hakumwomba tena. Alikuwa ameshaomba, na lililobaki halikuwa lake. Alifunga begi lake dogo bila kujua kama atalibeba.

Jumamosi boti ya mawese ilikuwa imesimama mbali kidogo na ufuko, imezama mpaka karibu na kingo kwa uzito wa mapipa. Abiria walikuwa wanatembea majini kuifikia, vitu kichwani. Mfanyabiashara akaita mara ya kwanza. Kaka alikaa mchangani, begi magotini. Akaita mara ya pili, kwa hasira, akisema asubuhi haimngoji mtu. Baba mdogo alimtazama mama, mama alikuwa anatazama maji. Nilijua asipoondoka leo hataondoka, na akibaki tutaamka siku moja tukute kandambili.

Mama akamshika kaka mkono, akamwinua. Hakumwelekeza kwenye mkeka wala pembeni kwa faragha. Alitembea naye kuelekea ziwani, akaingia. Maji yakamfika vifundoni, akaendelea. Yakamfika magotini, kitenge kikaelea, akaendelea, akimvuta kaka ambaye sasa ndiye aliyekuwa anasitasita. Alisimama maji yalipomfika kiunoni. Hapo ndipo kaka alipopiga magoti, na maji yakamfika shingoni, na mama akamwekea mkono kichwani. Nilikuwa nimewafuata na lile begi, kwa hiyo nilisikia.

"Jana nilianguka," mama akasema. "Nikakaa mu maji nikingoja, na sikuogopa, kwa sababu nilijua unakuja. Sasa ni mi nitangoja. Radhi yangu uko nayo, baba. Uende, na ukuje."

Hakumkumbatia. Alitoa mkono kichwani, akampa begi, akampisha njia. Mota ikawaka, na nilisikia kwamba inavuta vizuri, kwa sababu hata kulia kwangu kulikuwa na sikio la karakana. Niliposema twende, mama alisema nitangulie.

Kaka alikaa Ujiji muda mrefu kuliko tulivyowaza, na habari zake zilitufikia kwa vinywa vya watu, nyingine za kweli, nyingine za kututuliza. Mama hakumlilia mbele yangu. Alifanya jambo moja tu. Kila asubuhi, baada ya alfajiri na kabla ya soko, alishuka ufukoni, akaingia ziwani mpaka kiunoni na nguo zake, akasimama kidogo akitazama kusini, akatoka, akakamua kitenge, akaenda kuuza mafuta. Wanajeshi walibadilishwa, wakaja wengine, na wale wa zamani wakawa wanawaambia wapya wamwache. Wengine mtaani walisema amepungukiwa. Mimi sikusema kitu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Hali ilipotulia, kaka alirudi bila kututaarifu, kwa boti ya abiria iliyofika asubuhi na mapema. Anasema alianza kututafuta kwa macho juu ya ufuko, katikati ya watu, akatukosa, akadhani hatupo tena. Halafu dereva akazima mota ili asimgonge mwanamke aliyekuwa amesimama majini.